Karatasi Mbili za Namanga

Dereva aliingia ofisini kwetu akaweka karatasi mbili mezani, moja juu ya nyingine, kama mtu anayecheza karata. Ya kwanza ilisema ana virusi vya korona. Ya pili ilisema hana. Jina lile lile, namba ile ile ya pasipoti, na zilipishana siku nne tu. "Dada," akaniuliza, "nishike ipi?"

Ilikuwa Mei 2020, Namanga. Nilikuwa karani kwenye ofisi ya wakala wa forodha: meza mbili, kompyuta moja, feni inayosuasua. Kazi yangu ilikuwa kukimbiza nyaraka dirishani, kuzirudisha zikiwa na muhuri, kisha kumpigia dereva aondoke. Karatasi nilizozizoea zilihusu mzigo: ni nini, uzito gani, ushuru kiasi gani. Mwezi ule ndipo nilipoona karatasi inayomhusu dereva mwenyewe, pua yake na kifua chake, ikiwa na nguvu kuliko nyaraka zote za mzigo zikikusanywa pamoja. Fuso yake ilikuwa imebeba vitunguu vya Mang'ola. Kufikia siku ya sita harufu yake ilishajua njia ya kuja ofisini.

Nikamwambia, "Kaa nazo zote mbili, kaka." Sikuwa na jibu jingine.

Mwaka mmoja na nusu nyuma, tarehe 1 Desemba 2018, Marais John Magufuli na Uhuru Kenyatta walikuja pale pale Namanga kuzindua kituo cha pamoja cha mpakani. Lori lisimame mara moja tu, upande linakoingia, na maofisa wa nchi zote mbili wakae chini ya paa moja. Sisi wa uwakala tulikipenda kituo kile. Korona ilipofika, paa lilibaki moja lakini maabara zikawa mbili.

Upande wetu wa Tanzania takwimu zilikuwa zimekoma tarehe 29 Aprili 2020: wagonjwa 509, vifo 21. Baada ya hapo kimya. Tarehe 3 Mei, akiwa Chato, Rais Magufuli alieleza kwamba sampuli za papai, za mbuzi, hata oili ya gari, zilipelekwa maabara kwa siri zikiwa na majina ya watu, na kwamba papai na mbuzi vilikutwa na korona. Mkuu wa maabara ya taifa akasimamishwa kazi. Tarehe 16 Mei Rais Kenyatta akafunga mpaka wa Kenya na Tanzania kwa watu na magari, isipokuwa mizigo, na dereva wa mzigo asipite bila kupimwa. Madereva wa Tanzania wakaanza kukutwa na virusi upande wa pili. Mkoa wa Arusha ukajibu kwamba umewapima upya na hawana. Kwa siku kadhaa malori yalizuiwa huku na huku, hadi marais walipopigiana simu na mawaziri wa uchukuzi wakaja kukutana Namanga.

Ukiwa mezani kwangu, hayo yote yalikuwa ubishi kuhusu mashine. Kipimo ni kile kile, kijiti ni kile kile cha kuingiza puani, lakini jibu la upande ule lilikuwa uchokozi huku, na jibu la huku lilikuwa utani kule. Mipaka mingine nayo ilikuwa na yake. Malaba foleni ya malori ilifika makumi ya kilomita. Rusumo, Rwanda ilitaka dereva wa Tanzania ashuke mpakani amkabidhi gari dereva wa Rwanda, na madereva wakagoma.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilifanya kile ambacho jumuiya hufanya: ikatafuta karatasi moja itakayoaminiwa na wote. Cheti cha dereva kikapewa uhai wa siku 14. Baadaye mwaka ule ukaja mfumo wa kielektroniki, majibu ya dereva yaonekane kwenye simu mpaka wowote atakaofika. Mfumo huo ulifuatilia pia njia aliyopita na alikosimama. Madereva walilinusa hilo mapema kuliko wanasheria. Mmoja aliniuliza, tangu lini kikohozi chake kimjulishe mtu amelala mji gani. Nilicheka, lakini alikuwa ameligusa jambo lenyewe. Serikali inapokuwa na hofu ya ugonjwa hupewa ruhusa ambazo siku za kawaida ingeziomba kwa miaka kumi, na ugonjwa ukiondoka, ruhusa huwa hazisindikizwi mlangoni.

Mfano mwingine wa ruhusa hizo unanihusu mimi kama mtu wa kuandika mtandaoni. Julai 2020, Tanzania ilitoa kanuni mpya za maudhui ya mtandaoni, na miongoni mwa yaliyokatazwa ni kuchapisha habari za mlipuko wa ugonjwa hatari au wa kuambukiza, uwe nchini au kwingineko, bila kibali cha mamlaka husika. Isome tena polepole: au kwingineko. Kwa maandishi yale, kusimulia kipindupindu cha nchi ya mbali bila kibali lilikuwa kosa. Ndipo lugha yetu ikaanza kujipinda. Mwanzoni mwa 2021 misiba ilipoongezeka, watu hawakufa kwa korona. Walikufa kwa "nimonia kali", au kwa ule msemo ambao sitausahau, "changamoto ya upumuaji". Chama cha Maalim Seif Sharif Hamad kilipotangaza kwamba kiongozi wake anaugua korona, wengi wetu tulishtushwa zaidi na neno kutamkwa kuliko na ugonjwa wenyewe. Alifariki tarehe 17 Februari 2021. Mwezi mmoja kamili baadaye akafariki Rais Magufuli. Rais Samia Suluhu Hassan aliunda kamati ya wataalamu, na Julai 28 akachanjwa mbele ya kamera. Ugonjwa nao ukapata jina jipya la kiserikali, UVIKO-19, safi, lisilo na kumbukumbu za papai.

Nilidhani haya ni ya kwetu tu, hadi nilipoanza kusoma mambo ya watu wengine.

Beni na Butembo, Kivu Kaskazini, watu wanazungumza Kiswahili kama mimi, na waliishi na Ebola kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020: wagonjwa 3,470, vifo 2,287. Tarehe 26 Desemba 2018, siku nne kabla ya uchaguzi mkuu ambao Kongo ilikuwa imeusubiri kwa miaka miwili, tume ya uchaguzi ilitangaza kwamba Beni na Butembo hawatapiga kura hadi Machi, kwa sababu ya Ebola na usalama. Wapiga kura zaidi ya milioni moja. Rais mpya angeapishwa Januari. Maana yake kura yao ya urais ilikuwa imeshakufa kabla ya kupigwa, na eneo lile lilijulikana kuwa ngome ya upinzani.

Hebu jiweke mahali pa mama wa Beni. Soko liko wazi. Kanisa liko wazi. Shule ziko wazi. Kisanduku cha kura pekee ndicho kinachoambukiza. Watu waliandamana, na kituo kimoja cha wagonjwa wa kushukiwa kikavamiwa, wagonjwa wakakimbia. Siku ya uchaguzi yenyewe, wakazi wa Beni walipanga foleni wakapiga kura yao ya kuigiza, bila tume. Shughuli nzima ya kupambana na Ebola waliiita riposte, kwa Kifaransa, na neno hilo likaja kuwa na maana ya magari makubwa, posho, na wageni wasiosalimia. Aprili 2019, daktari wa Shirika la Afya Duniani, Richard Mouzoko, aliuawa kwa risasi akiwa kikaoni hospitalini Butembo. Machi 2020, aliyekuwa waziri wa afya wa Kongo alihukumiwa kifungo kwa ubadhirifu wa fedha za Ebola. Kila nikisikia wataalamu wakilalamika kwamba "jamii haina uelewa", nawaza watu wa Beni. Walielewa vizuri sana. Walielewa kwamba ugonjwa ni wa kweli na kwamba pia umetumiwa, na hayo mawili hukaa nyumba moja bila kugombana.

Nirudi kwenye karatasi. Kila mtu aliyesafiri anaijua kadi ya njano, ile ya chanjo ya homa ya manjano. Machi 2012 Afrika Kusini iliwarudisha Wanigeria 125 kutoka uwanja wa ndege wa Johannesburg kwa madai kwamba kadi zao zina kasoro. Nigeria ikawarudisha Waafrika Kusini kadhaa, na Afrika Kusini ikaishia kuomba radhi. Nani aliyekuwa na homa ya manjano hapo? Hakuna. Kadi tu ndizo zilizougua.

Ubishi huu ni mkongwe. Mwaka 1851 mataifa 12 yalikutana Paris kuzungumzia karantini na kipindupindu, na kila taifa lilipeleka wajumbe wawili: daktari mmoja na mwanadiplomasia mmoja. Wakabishana miezi sita bila kukubaliana hata kama kipindupindu kinaambukiza. Napenda sana ile hesabu ya mmoja kwa mmoja. Ilikuwa ya kweli kuliko tunavyojifanya siku hizi, kana kwamba daktari huingia chumbani peke yake. Mkataba wa kwanza uliotekelezwa ulikuja 1892, na ulihusu meli za Mfereji wa Suez, yaani namna ya kuizuia Mashariki isiifikie Ulaya na maradhi yake. Mahujaji kutoka India na visiwa vya mbali walishushwa kisiwani Kamaran, Bahari ya Shamu, wakakaa karantini kabla ya kuiona Jeddah. Kwetu kulikuwa na Changuu, mbele ya Mji Mkongwe, kile kisiwa ambacho watalii wanapelekwa kuona kobe. Jengo lake lilijengwa liwe gereza, halikupata wafungwa, likawa la karantini. Mgeni analipa aone gereza lisilo na historia ya mfungwa. Wale abiria waliokaa pale siku zao wakisubiri kuambiwa ni wazima, hakuna anayeuliza habari zao.

Kanuni tunazoishi nazo leo zilizaliwa na SARS. China ilichelewa kusema kuhusu ugonjwa ulioanza Guangdong Novemba 2002, dunia ikashtuka, na mwaka 2005 zikapitishwa Kanuni za Afya za Kimataifa zilizoanza kazi Juni 2007. Zamani nchi ilitakiwa kutoa taarifa za magonjwa matatu tu: kipindupindu, tauni na homa ya manjano. Sasa ni tukio lolote linaloweza kuvuka mipaka, na ndani ya saa 24 tangu nchi ilipolitathmini. Kikubwa zaidi, Shirika la Afya Duniani liliruhusiwa kusikiliza fununu na kuiuliza serikali, je, hili ni kweli? Tanzania iliulizwa hivyo Septemba 2019, kuhusu kifo kilichoshukiwa kuwa cha Ebola jijini Dar es Salaam. Serikali ilikana, na shirika likatoa tamko la hadharani, jambo ambalo si kawaida yake, likilalamika kwamba halikupewa taarifa za kutosha.

Kwa upande wa pili wa mapatano, nchi nyingine ziliahidi kutomfungia mlango bila sababu yule anayesema ukweli. Ahadi hiyo haina askari wa kuisimamia. Wahenga walituachia kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakutuachia neno kuhusu mtangaza maradhi hufanywa nini.

Jibu lilitoka Novemba 2021. Wanasayansi wa Botswana na Afrika Kusini, akiwemo Sikhulile Moyo na Tulio de Oliveira, waligundua kirusi cha korona kilichobadilika ambacho baadaye kiliitwa Omikroni, na Afrika Kusini ikatangaza tarehe 25. Hazikupita siku mbili Uingereza, nchi za Ulaya na Marekani zikaanza kufunga milango. Marekani ilizifungia nchi nane za kusini mwa Afrika, Malawi na Msumbiji zikiwemo. Siku chache baadaye Uholanzi ilikuta kirusi kile kile kwenye sampuli zake za tarehe 19, kabla ya tangazo. Uingereza na Marekani hazikuifungia Uholanzi kwa hilo. Na mwaka huo ulipokuwa unakwisha, hata Mwafrika mmoja kati ya kumi hakuwa amekamilisha chanjo. India ilikuwa imezuia chanjo zake zisitoke nje kwa miezi kadhaa kuanzia Machi, nazo ndizo zilizotegemewa na mpango wa kugawia nchi maskini. Kiwanda cha Afrika Kusini kilikuwa kikijaza chanjo kwenye vichupa, na shehena zikapanda ndege kwenda Ulaya.

Sitaki kusikika kama namtetea aliyenyamaza. Kunyamaza hakukutuletea nafuu hata ya kibiashara. Agosti 2020, Kenya ilipotoa orodha ya nchi ambazo abiria wake wangeingia bila karantini, Tanzania haikuwemo. Tukazifungia ndege za Kenya Airways hadi Septemba, na ofisini kwetu hakuna aliyeongezewa mshahara kwa hilo. Ninachosema ni kwamba anayesema anapigwa na anayenyamaza anapigwa, kwa hiyo serikali inabaki kuchagua fimbo.

Kuna mara moja hivi karibuni ukweli ulilipwa. Septemba 27, 2024 Rwanda ilitangaza Marburg, ugonjwa wa jamii ya Ebola usio na chanjo iliyoidhinishwa. Ilitangaza mapema, ikataja kwamba wengi walioambukizwa ni wahudumu wa afya, na ndani ya siku tisa ilikuwa imeshapokea dozi 700 za chanjo ya majaribio na kuanza kuzitumia. Wagonjwa 66, vifo 15. Marburg huwa inaua nusu na zaidi.

Kisha ikaja zamu ya Kagera, kwa mara ya pili. Tarehe 14 Januari 2025 Shirika la Afya Duniani lilisema kuna washukiwa wa Marburg mkoani humo. Wizara yetu ikajibu kwamba vipimo vimeonyesha hakuna. Nilikuwa nimeshaacha kazi ya mpakani, niko Arusha, lakini kifua kilibana: nikaziona karatasi mbili mezani. Safari hii ilichukua siku sita. Tarehe 20 Rais Samia alisimama Dodoma pembeni ya Tedros Adhanom Ghebreyesus, mkuu wa shirika hilo, akathibitisha mgonjwa mmoja wa Biharamulo. Mlipuko ulipotangazwa kwisha Machi, hesabu ilikuwa watu 10, wawili waliothibitishwa na wanane wa kudhaniwa, wote wamekufa. Siwezi kusema siku sita zilimuua nani. Naweza kusema ni fupi kuliko mwaka mzima wa kimya cha korona, na kwamba rais kusimama na mkuu wa shirika ambalo wizara yake ilikuwa imelikatalia siku chache tu kabla ni siasa ngumu, naye aliifanya.

Malipo ya ukweli ndiyo yanayobishaniwa sasa. Indonesia ndiyo iliyoanza kulisema wazi. Mwaka 2007 waziri wake wa afya, Siti Fadilah Supari, alizuia sampuli za mafua ya ndege zisitoke, baada ya kugundua kwamba virusi walivyotoa bure vimefika kwa kampuni ya kigeni inayotengeneza chanjo ambayo nchi yake isingemudu kuinunua. Alizomewa sana, lakini 2011 dunia ikakubali utaratibu wa kugawana faida ya virusi vya mafua. Baada ya korona wazo hilo likapanuliwa. Mei 2025, Geneva, makubaliano ya dunia kuhusu majanga ya maradhi yalipita kamatini tarehe 19 kwa kura 124, hakuna iliyopinga, 11 zikajizuia, na tarehe 20 mkutano mkuu ukayapitisha bila kura. Marekani haikuwemo, ilikuwa imeshatangaza Januari kwamba inajitoa kwenye shirika lenyewe. Viwanda vitakavyojiunga vitatoa asilimia 20 ya uzalishaji wao wakati wa janga, angalau nusu yake bila malipo, na nchi zitatoa sampuli haraka. Ila sehemu inayoeleza sampuli zitatoka vipi na malipo yatarudi vipi iliachwa iwe kiambatisho cha kujadiliwa baadaye, na bila kiambatisho hicho hakuna nchi ambayo ingeweza kusaini. Kwa lugha ya ofisini kwetu: lori liligongewa muhuri, ankara ikabaki.

Afrika nayo imejifunza kutosubiri muhuri wa mwingine. Agosti 2024 kituo cha Afrika cha kudhibiti magonjwa, kilichoanzishwa 2017 baada ya Ebola ya Afrika Magharibi, kilitangaza mpox (homa ya nyani) kuwa dharura ya bara tarehe 13. Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 14. Siku moja tu, lakini kwa mtu aliyewahi kukaa dirishani akisubiri nani agonge kwanza, siku moja ina uzito wake.

Nilipoanza kuandika haya nilimpigia yule dereva. Siku hizi anaendesha semi, anakwenda Lubumbashi, na anaikumbuka Namanga kwa kuilaani. Nikamuuliza kama bado ana zile karatasi. Ile iliyosema hana alishaitupa zamani. Ile iliyosema anao ameitunza, imekunjwa kwenye jalada la bima, kwa sababu ndiyo iliyomweleza tajiri kwa nini vitunguu vilifika Nairobi siku kumi na moja baadaye, na ndiyo iliyomfanya asikatwe mshahara.

"Lakini ulikuwa unao?" nikamuuliza.

"Dada," akasema, "sikuwahi hata kukohoa."